Kichwa cha Simba Kwenye Kadi ya Shangazi

Wiki iliyopita mliniacha nimelala kifudifudi chini ya kitanda cha Mama, wembe mkononi, vumbi puani. Nawashukuru mlioulizana kama nilitoka salama. Nilitoka. Bora ningebaki hukohuko.

Kwa wewe ambaye hukuwepo: mimi ni Tokilupe wa Kolovai, Toki kwa kifupi, msichana mwenye diploma ya Suva kule Fiji na asiye na kazi popote hapa Tonga. Hotelini walinifukuza kwa sababu ya yule mgeni na ndoo ya barafu, hayo tumeshayamaliza. Nikarudi nyumbani, nikaanza kutengeneza kadi za mkono kwenye meza ya jikoni, za Jumapili ya Mama. Mbele nabandika kipande cha ngatu, ile nguo yetu ya gome, ukubwa wa kiganja. Nazungushia utepe, ndani naandika maneno matamu. Watu wakazipenda mpaka vipande vikaniishia.

Ndipo nikaingia chini ya kitanda, maana Mama ndiko anakoweka mabaki ya ngatu. Nikakuta bunda limekunjwa, limefunikwa mkeka mkuukuu. Nikasema hili nalo ni baki tu. Nikakata kona ya mwanzo, pande kama kitaulo cha mkono.

Pande lile likatoa kadi kumi na mbili. Nzuri, jamani! Kila moja na kipande chake cha mchoro: hii tawi la msonobari, hii bawa la njiwa, hii mguu wa simba. Zote zikanunuliwa siku mbili tu. Nikajiona tajiri.

Basi, Alhamisi asubuhi. Nakunywa chai yangu, Mama akaingia na ufagio.

“Toki, nyanyuka. Njoo unisaidie kuitoa ile ngatu chini ya kitanda ipigwe jua.”

“Ngatu gani, Mama?”

“Ngatu gani! Kwani ziko ngapi? Ile ya shangazi yako. Keshokutwa si harusi?”

Chai ikapita njia isiyo yake. Nikakohoa mpaka Mama akanipiga mgongoni kwa ufagio.

Kaka yangu Semisi alikuwa anaoa Jumamosi. Hilo nililijua, nani asijue, nguruwe watatu walikuwa uani wanahesabiwa siku. Nisilolijua ni kwamba lile bunda lilikuwa na mwenyewe.

“Si mlisema Shangazi Kalolaine mnampa mkeka?”

“Mkeka na ngatu. Wifi yangu nimpe mkeka mtupu? Atanitangaza mpaka visiwa vya Vava'u.”

Kwetu dada wa baba si mtu wa mchezo. Siku ya harusi ya mtoto wa kaka yake, yeye ndiye mkubwa, kumpita hata bwana harusi mwenyewe. Anakaa juu, sisi wote chini, na zawadi iliyo bora kuliko zote inawekwa miguuni pake. Na huyu wetu, tangu Mama aolewe, miaka ishirini na nane sasa, hajawahi kumsifia hata kijiko. Lu ya Mama, ile nyama ya kufungwa kwenye majani ya magimbi, ina chumvi. Mikeka ya Mama imelegea. Watoto wa Mama, yaani mimi, midomo mirefu.

“Miaka miwili nimepiga gome na wenzangu,” Mama akasema, kaegemea ufagio, macho yanang'aa kama msichana. “Miwili, Toki. Jumamosi wifi ataipitia ngatu yangu mwanzo mpaka mwisho, atafute kosa, alikose. Nataka nimwone siku moja hana la kusema. Siku moja tu, kisha Mungu anichukue.”

Mwanzo mpaka mwisho. Ndugu zangu, mwanzo wenyewe ndio huo niliokwisha kuubandika kwenye kadi.

Nikakimbilia chumbani, nikakaa kitandani kwa uzito wangu wote.

“Toka hapo,” Mama akasema.

“Mama, mgongo wako. Niachie mimi. Nitaipeleka kwa Bibi, ianikwe kule.”

“Jua la Bibi na langu si moja?”

“La Bibi halina popo.”

Hapo akafikiri. Popo wa Kolovai wamejaa kwenye miti kama maembe, na hawana heshima na nguo ya mtu.

“Haya, ipeleke. Lakini ukiichana hata kidogo, nakuchana wewe.”

Nikasema ndiyo Mama, kwa sauti ya malaika.

Nikamwita Pisila. Pisila ni binamu yangu wa upande wa Mama. Tunalingana umri, akili hatulingani, ila mpaka leo hatujakubaliana nani anazo. Tukaipakia ngatu kwenye toroli, tukaisukuma mpaka kwa Bibi Lesieli, mama yake Mama. Bibi alikuwa amelala kibarazani. Tukaikunjua polepole kwenye nyasi.

Kona ilipofunguka Pisila akakaa chini kwa kucheka.

“Shoga! Umemkata mnyama wa watu katikati!”

Kweli. Pale mwanzoni alichorwa simba, simba mkubwa wa kifalme, na wembe wangu ulimpitia kiunoni. Kilichobaki ni miguu miwili ya nyuma, mkia, na makalio.

“Nilikuwa gizani,” nikasema.

“Shangazi yako atasalimiwa na matako!”

“Pisila, nisaidie au ondoka.”

“Siondoki. Hii siikosi.”

Sasa nisikilizeni. Ngatu haishonwi. Inabandikwa, gome juu ya gome, kwa gundi ya muhogo ulioiva nusu. Ikitoboka, mafundi wanabandika kiraka, wanapitisha rangi, maisha yanaendelea. Kwa hiyo nikajiambia: vipande vyangu kumi na viwili vikirudi, nitavibandua, nitavipanga, nitavibandika mahali pake, na simba atapata mwili wake. Kina mama walikuwa wameshapewa kadi? Hapana, walikuwa nazo watoto wao, wanasubiri Jumapili. Nina Alhamisi na Ijumaa.

“Utawaambia nini?” Pisila akauliza. “‘Samahani, nirudishieni, niliiba’?”

“Nitawaambia mende.”

“Mende?”

“Gundi yangu inaita mende.”

Tukaanza na Lopeti, polisi, mwili kama mlango wa kanisa. Tulimkuta anakula keki dukani.

“Mende vipi?” akauliza.

“Wanapenda muhogo, na gundi ni ya muhogo. Hebu fikiria, kaka Lopeti. Jumapili, mama yako kavaa nyeupe, mchungaji kasimama, anafungua kadi yako kwa furaha. Mara, hao! Wawili. Kifuani.”

Hakuuliza la pili. Alinipa kadi kwa ncha za vidole, halafu akaniomba nimwangalie mfuko wa shati.

Wengi walikuwa hivyo. Nikawaahidi kadi mpya Jumapili asubuhi, za maua ya karatasi, hazina mdudu. Aliyetusumbua ni dada Akesa, mwalimu wa shule ya Jumapili.

“Mama yangu haogopi mende,” akasema. “Alishamla mmoja kwenye supu, akaomba nyingine.”

“Dada Akesa, tafadhali.”

“Na jasho hili la nini? Unaumwa?”

“Nina uchungu na wateja wangu.”

“Haya. Kadi moja natoa, tatu narudishiwa. Na moja iandikwe jina la mume wangu, sijawahi kumwandikia kitu tangu anioe.”

Nikakubali. Ningekubali hata kumwandikia biblia nzima.

Ijumaa saa sita tulikuwa jikoni kwa Bibi, birika linachemka, mimi navibandua vipande juu ya mvuke, kimoja kimoja, ulimi nje. Nikavipanga mezani. Msonobari ukakamilika. Njiwa akapata mabawa. Simba akapata mgongo, akapata kifua, akapata miguu ya mbele.

Kichwa hakuna.

Nikahesabu. Kumi na kimoja. Nikatazama daftari la majina. Kumi na moja.

“Pisila, ya kumi na mbili iko wapi?”

Pisila akaanza kupanguza meza ambayo haikuwa na uchafu.

“Pisila. Ile ya kichwa.”

“Ile niliiuza mimi. Siku ile umeenda kununua utepe.”

“Kwa nani?”

“Kwa mtu.”

“Mtu ana jina.”

“Kijana tu wa kwaya. Anaimba sauti ya nne. Ana meno mazuri.”

“PISILA!”

“Sosaia.”

Nikaweka birika chini.

Sosaia ni mtoto wa pekee wa Shangazi Kalolaine. Yaani kwangu ni kaka, na kwetu dada haingii chumbani kwa kaka, hapekui vitu vyake, hamtanii, hata akiwa anaanguka shimoni unamwambia kwa adabu. Na juu ya hapo ni mtoto wa shangazi, ananizidi cheo mara mbili. Mimi kwenda kumwambia habari za mende? Heri nimwambie mchungaji.

“Nenda wewe,” nikamwambia Pisila. “Wewe si ndugu yake.”

“Hilo nimelishukuru siku nyingi.”

“Nenda sasa hivi!”

“Hivihivi? Na gauni hili?”

Akapotea chumbani kwa Bibi. Alitoka kajipaka mafuta ya nazi mpaka magotini, ua sikioni, na gauni ambalo lilikuwa langu. Nikamsukumia nje.

Nilipogeuka, Bibi alikuwa mlangoni.

Amesimama na fimbo yake, anaangalia meza. Anaangalia vipande. Anaangalia dirishani, kwenye nyasi, ngatu ya binti yake na lile pengo. Bibi macho yake hayaoni vizuri, lakini ukorofi anauona maili moja.

“Aha,” akasema.

“Bibi, usimwambie Mama.”

“Sijasema kitu. Nyama ya kopo mbili.”

“Bibi!”

“Tatu. Na kadi moja yenye maua, nzuri, ya kumpelekea mzee Maka wa nyuma ya kanisa.”

“Mzee Maka? Bibi, una miaka themanini na moja!”

“Ndiyo maana sina muda wa kupoteza. Andika kitu cha kumfanya asilale.”

Nikaandika. Sitayarudia maneno hapa, gazeti hili linasomwa na watoto.

Bibi akachemsha gundi mwenyewe, maana yangu alisema ni uji wa mgonjwa. Akanifundisha kuchambua kingo za gome ziwe nyembamba ili kiraka kisivimbe. Tukabandika kumi na kimoja. Ukipitisha kiganja, husikii maungio. Kama si lile pengo la kichwa, ningelia kwa furaha.

Pisila akarudi saa tisa na nusu, anatembea kama yuko ndani ya maji.

“Nimemwona,” akasema.

“Kadi?”

“Ana kovu dogo hapa kidevuni. Ulishawahi kuliona?”

“Pisila, kadi!”

“Ah, kadi. Alishindwa kusubiri Jumapili. Amempa mama yake jana.”

Nikakaa kwenye toroli.

“Lakini ameipenda!” Pisila akasema. “Sosaia anasema mama yake alilia. Amemwonyesha kila anayeingia dukani kwake. Anatembea nayo kwenye mkoba. Anamtafuta aliyeitengeneza.”

“Kwenye mkoba?”

“Ule mweusi mkubwa. Hauachi hata akienda chooni.”

Kwa hiyo hali yetu ikawa hivi: mwili wa simba uko kwenye nyasi za Bibi, kichwa chake kiko mkobani mwa shangazi, na kesho mwili na kichwa vinakutana harusini.

“Nipeni gome jeupe,” Bibi akasema. “Nipeni rangi. Nitamchora mwingine.”

“Bibi, unaweza kuchora simba?”

“Nimechora ngatu za watu wakubwa kabla mama yako hajaota meno!”

Akachukua brashi, lile tunda kavu la mkadi, akachovya kwenye rangi ya kahawia, akainama mpaka pua ikagusa gome. Tukangoja. Pisila alikuwa anaimba sauti ya nne kimoyomoyo. Bibi akanyanyuka.

Tukatazama.

Tukatazama tena.

“Bibi,” nikasema taratibu, “hiyo pua.”

“Ina nini?”

“Ina matundu mawili makubwa mbele.”

“Wewe umewahi kumwona simba?”

“Hapana.”

“Na mimi sijamwona. Huku tuna nguruwe. Mnyama ni mnyama.”

Pisila alikwenda nje akacheka akiwa kashika mti. Rangi ilikuwa imeshaingia, gome lingine hakuna, na Mama alikuwa anaita barabarani, kaja kuichukua ngatu yake. Tukabandika hivyohivyo, tukakunja, kona ikaingia ndani kabisa.

Jumamosi. Kanisani kulikuwa kuzuri, bibi harusi Alisi alipendeza, Semisi alijibu “ndiyo” kabla hajaulizwa, watu wakacheka. Tukahamia kwenye hema uani kwetu. Chakula kimepangwa mpaka nguzoni, nguruwe wote watatu wamelala mezani wakiangalia juu, na kule mwisho, kwenye rundo la mikeka, Shangazi Kalolaine. Gauni la zambarau, miwani kwenye mnyororo, mkoba mweusi mapajani.

Mama akaingia mbele, kina mama wenzake nyuma, mstari mrefu, wamebeba ngatu iliyokunjuliwa kama mto unapita. Sijawahi kumwona Mama anatembea vile. Alikuwa mrefu. Mama yangu si mrefu.

Wakaitandaza. Watu wakasema aaah.

Shangazi akashuka na miwani yake. Akaanzia mwisho! Nikamshukuru Mungu kwa dakika nne nzima.

“Hm,” akasema, anapita pembeni kwa pembeni. “Rangi imekaa.”

Mama akamfuata nyuma.

“Hm. Maungio hayaonekani.”

Mwenzake Mama akamfinya mkono. Miaka ishirini na nane, na hizo ndizo sifa za kwanza. Mama alikuwa anauma midomo asicheke.

“Hm. Mistari imenyooka. Hm.”

Akafika konani. Akasimama. Akainama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Wifi.”

“Abee, wifi.”

“Huyu ni mnyama gani?”

“Simba, wifi,” Mama akajibu, hata hakutazama.

“Simba wa wapi ana pua ya nguruwe?”

Kicheko kidogo kikapita kwa kina mama kama upepo. Mama akatazama sasa. Nikaiona sura yake inabadilika. Mama anaijua kazi yake kama anavyojua watoto wake, na kile kiraka hakikuwa chake. Macho yake yakapita hema zima, yakanikuta nyuma ya masufuria. Mama amenipiga kwa ufagio, kwa ndala, kwa mwiko wa moto. Hajawahi kunitazama vile. Hakuwa na hasira hata kidogo. Nilitamani awe nayo.

Halafu akasema, “Ni mimi, wifi. Gome lilitoboka, nikabandika kiraka. Mkono umezeeka.”

Shangazi akafungua mkoba.

Nikafa. Akatoa kadi yangu, na utepe wangu, akaishusha taratibu juu ya ule uso wa nguruwe. Shingo ikakutana na shingo. Simba akamtazama kila mtu mle hemani, mzima, mzuri, mkali.

“Basi, wifi,” Shangazi akasema, “huo mkono uliozeeka ndio unaouza kadi kwa vijana wa kwaya?”

Akaichukua kadi yake, akawageukia kina mama.

“Ikunjeni. Irudisheni kwao.”

Jamani. Zawadi ya shangazi kurudishwa mbele ya watu, mbele ya ukoo wa bibi harusi! Nyumba inaweza kukaa na aibu hiyo mpaka wajukuu. Mama hakubishana. Alipiga magoti, akaanza kuikunja mwenyewe, kwa mikono yake, kama mtu anayetandua kitanda cha maiti.

Sikuweza. Nikatoka nyuma ya masufuria, nikaenda kwa magoti, maana mbele yake hatusimami, nikapita katikati ya nguruwe na mikeka mpaka miguuni pake.

“Shangazi, ni mimi. Mama hajui kitu chochote.”

Nikasema yote kwa pumzi moja. Wembe, kitanda, kadi, birika, mende, kila kitu.

“Kwa hiyo mende hawakuwepo?” Lopeti akauliza kutoka nyuma, kwa uchungu kabisa.

Hema likapasuka kwa kicheko.

“Na mliosema nguruwe mnikome!” Bibi akapiga kelele kando ya mzee Maka. “Nimemchora mimi, na ni simba!”

Wakazidi. Shangazi peke yake hakucheka. Alinifunulia kadi mbele ya pua.

“Na haya maneno ya ndani?”

Nilikuwa nimeandika: Mama, hata ukininunia, nyumbani ni pale ulipo wewe.

“Ni yangu, Shangazi.”

“Si ya Sosaia?”

“Hapana, Shangazi. Sosaia alinunua tu.”

Sosaia akatafuta kitu chini ya meza.

“Nimeyalilia siku mbili,” Shangazi akasema, polepole. “Nikasema mwanangu kumbe ana moyo. Umemkata simba wa mama yako, na mimi umeniliza kwa maneno ya mtoto asiye wangu. Nileteeni mkasi.”

Mkasi ukaletwa, ule mkubwa wa kukatia vitambaa. Akanishika msuko wangu, huu unaofika kiunoni, akauzungusha mkononi mara mbili kama kamba ya ng'ombe. Kicheko kikakatika. Kwetu msichana ananyolewa nywele akifiwa, na anayeamuru ni shangazi. Kila aliyekuwa hemani alijua mkasi ule unasema nini.

“Kuna mawili,” akasema. Mkono mmoja msuko, mwingine kashika kona ya ngatu. “Nikate hapa, nimtoe huyu nguruwe, na ngatu irudi kwa mama yako na tundu lake, watu wakasimulie. Au nikate hapa kichwani, niipokee ngatu yote na nguruwe wake, niitandike sebuleni kwangu, na asitokee wa kumcheka wifi yangu mpaka nife.”

“Nywele hapana!” Bibi harusi Alisi alikuwa ameshasimama, shela limenasa kwenye kiti. “Leo? Harusi yangu? Watu waulize nani kafa?”

Mama yake akasimama naye. Wajomba zake wakaacha chakula. “Sisi tumekuja kwenye harusi au msiba?” mmoja akauliza.

“Shangazi, tunakuomba,” Semisi akasema, sauti kama ya mtoto.

“Nyamazeni. Namuuliza fundi wa kukata.” Akanivuta msuko, uso ukaangalia juu. Akaniinamia mpaka nikasikia harufu ya poda yake, na kona ya mdomo wake, naapa, ilicheza kidogo. “Sema, Toki. Wapi?”

Nikamtazama Mama. Alikuwa amepiga magoti na ngatu imemjaa mikononi, ananitikisia kichwa kwa nguvu, hapana, hapana, na sikujua hapana ipi. Nikamtazama Alisi. Alikuwa ameanza kulia na wanja unashuka.

Nikafumba macho.

“Kata,” nikasema.

Nikawa natafuta neno la pili. Kabla sijalipata, mkasi ukafunga. Nikasikia kitu kinaanguka kwenye mkeka, hema zima likavuta pumzi kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, Mama na Shangazi Kalolaine wakaangua kicheko pamoja. Macho nitayafumbua wiki ijayo.